Maji ya Ikutha na Vipande vya Chuma

Mpendwa Mama Mshauri,

Nakuomba msaada na usitaje jina langu. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Matiliku, na nimechoka, hata kulala kunanichosha. Baada ya redio kutangaza habari za ule mtambo wa nyuklia uliolipuka Urusi mwaka jana, mwalimu wetu Bwana Kisilu alitufundisha kwamba vipuri vingine vya mitambo hiyo ni unga wa chuma ulioshindiliwa na kuchomwa, na lazima vipimwe kwa njia moja kila mahali, basi nikaandika kanuni za kupima kwa ajili ya kongamano la sayansi, tukashindilia unga kwa jeki ya lori, tukachoma kwa makaa, nikampelekea binamu yangu Mutie, anayesoma Ikutha, vipande sita apime kama mimi: pima, loweka siku mbili, kausha, pima tena kuona kama maji yamekiharibu, maana kipande kizuri uzito wake haubadiliki. Vyangu havikubadilika. Vyake vilirudi vizito, vina kutu. Mwalimu akauliza, "Huyu alikausha kweli?" Nami ambaye darasani siinui mkono, siku hiyo nikapata mdomo: "Mutie ni mtu wa haraka haraka, mwalimu." Jina lake likafutwa kwenye kazi yetu, pamoja na vipimo vyake. Tukashinda wilaya.

Likizo ya Aprili nikaenda kwao Ikutha. Mutie akasema mbele ya shangazi, "Karibu, bingwa wa nyuklia! Nilianika siku tatu juu ya bati, lakini wewe ulijua zaidi." Nikajificha nyuma ya kikombe, nikanywa chai, na Mama, ile chai ilikuwa na chumvi, maana kisima chao ni cha maji ya chumvi na sisi shuleni tuna tangi la mvua, na chumvi ndiyo inayoleta kutu. Kanuni yangu inasema tu "loweka ndani ya maji". Haisemi maji gani. Mwezi ujao tunaenda Embu kwa mashindano ya mkoa, nikisema tutaondolewa na Bwana Kisilu aaibike, nikinyamaza Mutie abaki na lawama isiyo yake. Nifanye nini?

Mwenye Haya, Matiliku

*

Binti yangu, pole. Lakini haya gani hii, inayokuzuia kuomba msamaha na haikukuzuia kumchafulia mwenzako jina?

Kusahau maji si dhambi, hata wakubwa husahau. Dhambi ni yale maneno ya "haraka haraka". Tena unasema kanuni ni za mitambo ya nyuklia! Ukinyamaza, kesho mtu mwingine atapima kwa maji ya kwao, kipande kizuri kitupwe, na alaumiwe aliyefanya kazi yake sawasawa. Mutie ndiye aliyeonyesha kanuni yako ina tundu, nawe ukamfuta.

Jumatatu, kabla ya kengele, mwambie Bwana Kisilu. Mdomo ukikataa, mwandikie kama ulivyoniandikia mimi. Jumamosi nenda Ikutha, umwombe Mutie msamaha shangazi akisikia, kisha rudi na mtungi wa maji yao. Lowekeni vipande kwa maji ya mvua na kwa maji ya kisima, muandike kila uzito, hata ule unaokuaibisha, na kanuni itaje maji. Jina lake lirudi. Mkiondolewa, muondolewe pamoja.

Na mkifika Embu, atakayeshika chupa ya maji ya Ikutha na kuwaeleza waamuzi ni Mutie. Wewe simama kando, unyamaze. Hilo najua unaliweza.