Mfano wa Kumpelekea Bwana Shauri

Ulemo, Jumapili usiku

Mfano mmoja tu, nao sina. Kesho Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ataniuliza kwenye boma la Kiomboi ni lini niliwahudumia watu vizuri. Karani wake amenionya: asiye na mfano hapewi kazi ya boma.

Mtu hajisifu mwenyewe, kwa hiyo leo nilimwendea shangazi. Nikampa shikamoo, nikamwuliza watu wanasemaje juu yangu, mimi dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa wa dispensari yao.

"Wanakusifu, baba. Siku ile ya homa ulinitoa nyuma ya mstari, ukanitibu kwanza. Sisi sote wa ukoo unatufanyia hivyo. Huna dharau."

Huo ndio mfano wangu! Nikatafuta mwingine kichwani, wa mtu asiye ndugu. Nikamkumbuka mgeni wa Mitundu mwenye kidonda mguuni, aliyekaa juani tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika, dawa zilikuwa zimekwisha. Hakulalamika. Alinishukuru.

Nilipoaga, shangazi alinishika mkono. "Ukiingia boma, mwanangu, sisi hatutapanga mstari hata huko."

"Ndiyo, shangazi," nikamjibu.

Wala sikuwa nikimdanganya.