Viki na Jani la Isale

Jumapili, 4 Januari 1998

Wageni wa Krismasi wamerudi Dar, mji umepoa. Amebaki dada yangu Dominika na binti yake Viki. Hawarudi Himo. Kule ukweni kila akija mgeni, Viki anafungiwa chumbani. Mtoto wa miaka sita! Na mume yuko machimboni Mererani, hana neno. Nimemwambia dada, kaa hapa Uru. Nyumba ni yangu mimi Sirili, na Sirili akikohoa, Mabogini kule chini wanaitikia.

Viki haongei. Anaimba bila maneno. Tangu asubuhi ana mkononi jani la isale, ule mmea wa mpakani, analipepea mbele ya macho, anacheka mwenyewe. Daktari wa mjini alisema ni otizimu – siyo laana, siyo kurogwa, haiambukizi, kazaliwa hivyo. Siku ile mimi nami nilimweleza daktari mambo mengi sana ya vichwa vya watoto. Aliweka kalamu chini akawa ananitazama tu.

Jumatatu, 5 Januari

Dominika alikwenda chekechea ya kigango kumwandikisha Viki. Mwalimu ni Mama Lukresia, mke wa Fabian jirani yangu. Kamkatalia. Eti wazazi watawatoa watoto wao, wataogopa wasiambukizwe. Wasiambukizwe! Kwani ni surua?

Dada hakula. Alisema kitu kimoja tu, jikoni, akimenya ndizi:

“Kaka, kama na hapa ni hivyo, heri nirudi Himo. Kule wanamficha, lakini hawamcheki.”

Dawa ingekuwa kumwona Fabian, ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Ila mimi na Fabian hatusalimiani tangu ile harusi ya Septemba. Alisema mbele za watu kwamba enzi zangu za upagazi mlimani sikufika Kibo kule juu, niliishia Mandara, kambi ya kwanza, na gunia la viazi. Mimi! Niliyembeba Mjerumani mgongoni, mkononi birika la chai, na chai haikumwagika! Nikamjibu kwamba maziwa anayouza nusu ni mfereji. Basi akanuna. Anataka nimwombe radhi. Atangoja sana.

Jumanne, 6 Januari

Mvua. Hii El Ninyo itatumalizia migomba. Nimeshinda ndani namfundisha Viki kuhesabu. Hakutaka. Kapanga vifuniko vya soda mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani, rangi kwa rangi. Nilipokiruka kimoja nikakisogeza, alilia mpaka nikakirudisha. Kumbe kweli pale ndipo pazuri.

Alhamisi, 8 Januari

Leo roho ilinitoka. Viki alipotea!

Mfereji umejaa, maji mekundu, yanavuma. Dominika kakimbilia huko moja kwa moja, analia. Mimi nikaingia kwenye kahawa. Nilikimbia, duma angeomba kupumzika. Nikafika mpakani kwenye masale, nikaona vinyayo vidogo kwenye tope. Vimevuka. Vimekwenda kwa Fabian.

Sikuwahi kuvuka pale tangu Septemba. Nikavuka.

Amekaa barazani kati ya Fabian na mkewe, anachambua maharage. Mazuri kule, mabovu huku, hakosei. Na redio imezimwa. Fabian hazimi redio hata padri akija! Mama Lukresia akaeleza kwamba mtoto aliingia akaziba masikio, wakahangaika, mwisho wakaizima, ndipo akakaa.

Nikamwona Fabian. Ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Viki kampa! Na kwa mila yetu, mtu ukishapelekewa isale umeombwa radhi, huna ujanja, lazima usamehe.

“Mangi,” akaniambia, “ungeweza kuja mwenyewe. Lakini umenitumia mtoto huyu. Imenigusa. Nimesamehe.”

Nilifungua mdomo. Sikutuma mtu mimi! Yule anacheza tu, hata mbuzi anampa isale. Kabla sijasema, Mama Lukresia, macho kwenye ungo, akasema polepole kama anajisemea: mtoto mtulivu namna hii, Jumatatu aletwe, atakaa karibu na dirisha, na kengele ataigonga kwa mbali.

Nikafunga mdomo. Mdomo wa Sirili! Haijapata kutokea.

Ijumaa, 9 Januari

Habari imefika kilabuni kabla yangu. Antoni muuza nyama akanipisha kiti, akauliza kwa upole, je, viazi vilikuwa vizito? Watu wakacheka mpaka mbege ikawapalia. Nikakaa.

Halafu akaacha utani. Ana mjukuu chekechea. Akauliza kama kweli ule ugonjwa hauambukizi. Nikamwambia ungekuwa unaambukiza, mimi ninayekaa na Viki nyumba moja ningekuwa nimeshanyamaza zamani. Akasema hiyo kweli, mjukuu atabaki.

Jumapili, 11 Januari

Baada ya misa Fabian kaja na mbege, mkewe, na kamati nzima ya wazazi. Uani kumejaa. Kasema isale ameipokea, lakini kuna wazazi bado wananong’ona. Mimi na yeye tumalize leo mbele yao, kwa mdomo, na kesho yeye mwenyewe atasimama mlangoni pa chekechea ampokee Viki. Kilichobaki ni neno langu. La maziwa, na la Kibo.

Nikasema nachukua koti. Ndiyo maana niko chumbani, naandika.

Nimejaribu kwenye kioo. “Fabian, maziwa yako ni mazito.” Imetoka bila shida. Ya Kibo haitoki. Nilifika Kibo! Mungu anajua, na yule Mjerumani anajua kama bado yu hai. Nikitoka pale nje kusema sikufika, huo utakuwa uongo wangu wa kwanza.

Dirishani namwona Viki katikati ya watu, anapepea jani. Kitindamimba wa Fabian kasimama kando yake na jani lake, anamwiga, wote wanacheka. Hakuna mama aliyemvuta mwanawe. Dominika anagawa mbege, kanga imemteleza kichwani, hata hana habari.

Fabian anaita. “Mangi Sirili! Hilo koti linashonwa?”

Horombo je, kambi ya katikati? Nikisema niliishia Horombo, si itatosha? Hapana. Viazi, Mandara, yote. Nimeshavaa. Naweka kalamu chini, natoka.