Sahihi ya Mjomba

Lisekese, 28 Novemba 1996

Mjomba Ladislaus,

Shikamoo. Mvua zimeanza, na mama anapanda mihogo. Mimi namsogezea vijiti tu, maana mkono wa kulia bado haukunjiki.

Jumatatu nilikwenda mahakamani kudai fidia kwa yule wakala wa korosho aliyenivunja mkono kwa jiwe la mizani, siku nilipomwambia anatupunja. Hakimu akanisomea barua: “Familia imesamehe. Yamekwisha nyumbani.” Chini kuna sahihi yako. Nikasema imeghushiwa. Karani akanijibu taratibu, “Mama Upendo, mjomba wako aliileta mwenyewe.”

Jioni mama ndiye aliyeniambia kwamba siku hizi unasimamia ghala la wakala huyo huko Newala. Alikuwa anajua. Mjomba, ni wewe uliyenibeba hadi hospitali huku unalia.

Nimemwambia hakimu kuwa aliyeumia ni mimi, na sijasamehe. Atatusikiliza tarehe kumi. Tarishi anayekupa barua hii ana samansi yako pia. Utakapoulizwa nani alikutuma usamehe, nitakuwa nimekaa mbele yako, nasikiliza.

Mpwa wako,
Scholastika