Blanketi la Mama

Jumanne, 2 Julai 1974
Suruali tatu za shule zimekwisha. Cherehani nzito kwa baridi, nimeitia mafuta. Anasia kapanda kutoka mjini na kadi za Jumamosi, kila ndugu na kiti chake. Kazipiga taipu ofisini kwao, kwa Kiingereza. Siku ya mahari yake, huku kijijini Kirua, Kiingereza cha nini? Yangu imeandikwa Aunt. Ya shangazi yake, dada wa baba yake, wa kule Mkuu, hivyo hivyo.
“Ndiyo wewe, mama,” kasema, kacheka.
Dada yangu, mama yake mzazi, alikufa Anasia hajaota jino. Nilishona naye mgongoni.

Alhamisi, 4 Julai
Nimempelekea mwalimu jirani kaptura yake, nikamwuliza maana ya Aunt. Mama mdogo, mama mkubwa, shangazi, mke wa mjomba: wote wanne neno moja. Hata sokoni ndizi za kupika hazichanganywi na za pombe. Akafungua kamusi. Neno la Kilatini, likapitia kwa Wafaransa. Mwanzoni lilikuwa dada wa baba tu. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao la dada wa mama, lililozaliwa na neno mama lenyewe. Wakaliacha likafa.
Mwalimu alifurahi sana kunieleza. Mimi nimerudi sina hamu ya chakula.

Jumamosi, 6 Julai
Wamekuja, upande wa mchumba wa Anasia. Watu wa mbali, wa kiwanda cha sukari, mila zetu wanaelekezwa. Mbuzi, sawa. Mbege ya ndizi, sawa. Likabaki blanketi la mama, la yule aliyekojolewa mgongoni.
Mshenga wao akatazama kadi. “Mama mzazi ni marehemu. Hawa Aunt wawili, mkubwa nani?”
“Mimi hapa, baba!” Shangazi mtu, keshasimama. Tangu kipaimara cha Anasia hajakanyaga hapa.
Wazee wetu wakainamia vibuyu. Ningeweza kusema. Nilimngoja Anasia aseme. Alitazama viatu vyake.
Akavishwa blanketi. Vigelegele. Nami nilipiga.

Jumapili, 7 Julai
Sikwenda kanisani. Jirani kauliza blanketi lina rangi gani. Nimesema sikuliona vizuri. Uongo. Jekundu, pindo nyeusi.
Kamusi siilaumu. Mdomo ulikuwa wa Anasia.

Jumatano, 10 Julai
Ukungu hadi kwenye migomba. Ng'ombe kapata majani. Nimetoa sandukuni lile blanketi nililombebea Anasia. Katikati limebaki nyuzi, pale alipokuwa akikalia. Nilitaka kulikata matambara.
Nimelikunja mara nne, nimeliweka kwenye kiti cha cherehani. Nimekaa. Kola mbili kabla ya mchana.