Haki ya Mkate

Jumanne, 13 Februari 2018
Tangu saa kumi na moja alfajiri foleni imezunguka jengo. Mji mzima wa Parma unataka maandazi ya jemu ya Mama Halina kabla ya Kwaresima! Mimi sina hamu. Supamaketi imekubali kuingia kwenye lile duka kubwa la senta yetu ya maduka lililokaa tupu miaka minne — ila lazima wawe na tanuri lao. Na leo Stavros, wakili wangu, kakuta ukurasa wa 31 wa mkataba wa Mama Halina: hakuna mpangaji mwingine kwenye senta hii atakayeoka mkate. Tulipoinunua senta tulisoma muhtasari wa mikataba. Muhtasari! Wajinga sisi. Na nyumba yangu iko rehani kwa mkopo wa senta.

Jumatano, 14 Februari
Nimemwomba Mama Halina asaini kuiachia haki hiyo. Alikuwa anafuta kaunta, majivu ya kanisani bado usoni. Akasema aliipata mwaka 1987 alipokubali kuhamia upande wa nyuma, kusikopita watu, na hajawahi kujuta. Kisha: "Ukitaka mkate, mwanangu, mimi ninao." Sikujua nicheke au nilie.

Alhamisi, 15 Februari
Ameteleza kwenye barafu jana jioni akifunga duka. Nyonga imevunjika. Leo duka halikufunguliwa.

Ijumaa, 16 Februari
Stavros kapiga simu, ana furaha mpaka inakera. Kile kifungu kina mkia: duka likifungwa siku kumi na nne mfululizo, haki inakufa. "Wewe kaa kimya tu, kaka. Kwani ulimsukuma?"
Sikumsukuma. Lakini maegesho ni yangu, na waliotakiwa kumwaga chumvi kwenye barafu ni watu wangu. Niliwaambia waanze na upande wa mbele, wageni wa supamaketi walikuwa wanakuja kukagua.

Jumapili, 25 Februari
Siku ya kumi na moja. Supamaketi wanataka jibu tarehe mosi. Najichukia ninavyohesabu.

Jumanne, 27 Februari
Hospitali. Nilimpelekea maua — mnafiki mkubwa mimi. Alinitazama weee, kisha akatoa funguo chini ya mto. Mikate iko kwenye friza, akasema, niioke kesho, niuze hata mmoja.
Nikauliza kwa nini kesho.
"Unajua kwa nini."
Na kwa nini mimi? Mpwa wake yuko Chicago, hapokei simu. "Kama huwezi, sema sasa hivi, nikiwa nakuona."
Nilichukua funguo.

Jumatano, 28 Februari
Saa kumi na mbili asubuhi. Niko ndani ya gari, mbele ya duka lake. Stavros kapiga mara tatu, sikupokea. Ya nne nimepokea, nikamwambia niko wapi. "Rudi ukalale, bwana. Nyumba yako unaitaka au huitaki?" Naitaka. Wanangu wamelala mle.
Naogopa. Siku moja tu ya kukaa kimya, hii hii, halafu kila kitu kinabaki changu.
Bibi mmoja mwenye mkongojo kagonga kioo. Kaona taa za gari, anauliza kama leo kuna mkate. Nimemwambia asubiri kidogo, tanuri linachelewa kupata moto.
Mlango wenyewe sijaufungua. Bibi bado amesimama kwenye baridi, ananitazama nikiandika. Naweka kalamu, nashika funguo.