Mstari wa Mafuta ya Taa

Jumanne, Biharamulo. Mvua imekatika, hasira zangu bado.

Asubuhi nimemtupia mwanangu Deo kikombe cha chai. Mzee mzima mimi, sina haya! Kosa lake? Eti rais apewe uwezo wa kufuta mstari mmoja wa upuuzi kwenye bajeti, mengine yapite. "Baba, kuna ubaya gani?" Kikombe kimempita sikioni, kimepasukia ukutani.

Hajui. Naandika hapa bloguni kwa sababu mdomo unanishinda.

Mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa karani wa kijiji chetu, upande wa Nyakahura. Bwana mkubwa wa operesheni alileta mpango wa matumizi, nikausoma mbele ya watu: dawa za zahanati, mbegu za pamba, mafuta ya taa. Mafuta yenyewe yalikuwa ya kuchomea nyumba za waliogoma kuhama. Tukaambiwa tukubali yote au tukatae yote. Deo alikuwa mchanga, malaria imempanda kichwani, na zahanati haikuwa na hata kidonge.

Nilinyoosha mkono. Wa kwanza kabisa.

Dawa zikafika, mafuta nayo yakafika. Mgambo wakanichukua niwaonyeshe nyumba za Bisibo, kitongoji chetu cha zamani. Mama yangu alikuwa kule, amegoma kuliacha kaburi la baba. Walimwaga mafuta kwenye nyasi za paa yeye akiwa ndani, wakawasha. Alipotoka mbio, mgambo mmoja akampiga kitako cha bunduki mdomoni, meno yakamwagika. Nilimrukia yule mshenzi nikamng'ata shavu mpaka damu yake ikanijaa kinywani. Walinipiga nikakojoa damu siku tatu.

Siku ile ningempigia magoti yeyote mwenye kalamu, awe rais, awe shetani, afute mstari ule mmoja! Lakini ebo, kalamu angeishika nani? Si bwana yule yule? Angefuta dawa, akaacha mafuta. Hapo ndipo ninapokwama miaka yote hii.

Mama hakulia. Alitema damu, akaniuliza kwa Kisubi, lugha yetu ya nyumbani, kama na mimi nilinyoosha mkono. Nikasema ndiyo, mama.

"Na mtoto?"

Nikamwambia amepona.

"Basi," akasema, akajifunga kitenge mdomoni, tukaanza kutembea.

Deo ameondoka bila kuaga. Kesho nitamwomba radhi ya kikombe. Haya mengine nitayaanzia wapi?