Kiti cha Magurudumu Ulichoniombea Uwanja wa Ndege

Masanja mwanangu,

Nimefika Bariadi, miguu yangu mizima. Naanza na hilo kwa sababu wewe uliwaambia watu wa ndege kwamba mama yako hawezi kutembea. Naandika hadharani, wasome na wengine wenye mama.

Siku tatu pale kwako Dar nilimsumbua mkeo anifundishe ile mashine ya kujiandikisha safari. Akanionyesha kwenye simu: hapa unaweka namba, hapa unachagua siti, hapa kikaratasi kinatoka. Namba ya tiketi niliishika kichwani kama sala. Uwanjani wanaume wenye tai waliikwepa mashine wakaenda kupanga foleni. Mimi nikabonyeza. Ikaniletea jina langu, lote! Kidogo nipige kigelegele.

Ndipo akaja binti anasukuma kiti cha magurudumu. "Mama Masanja? Kaa, mama. Mwanao ameomba. Amesema miguu inakusumbua, na hizi mashine huziwezi."

Watu wakageuka. Nilikaa, Masanja. Nilikaa ili yule binti asikuone mwongo. Nikasukumwa kama gunia la pamba, mimi ninayelima ekari tatu kwa jembe la mkono, na mashine nikaiacha inawaka jina langu.

Umesahau? Ulipougua malaria nilikupeleka zahanati ya Dutwa kwa baiskeli, mvua inanyesha, nimekufunga mgongoni kwa kitenge. Ukaniuliza, "Mayu, umechoka?" Nikasema, "Wewe shika tu." Na mizani ya pamba nani alikufundisha? Wenzangu walingoja karani awatajie kilo. Mimi na darasa langu la saba nilikwambia, "Sogea, tazama mshale mwenyewe, usisomewe." Leo wewe ndiye unayenisomea mimi!

Hapa mtaani bado nakusifu. Nikianza habari za injinia wangu, majirani wanahama benchi. Ila kiti hicho sikumwambia mtu mpaka leo. Niliona aibu, na haikuwa yangu.

Desemba nakuja tena. Mashine ile niachie, usiiguse hata kwa simu. Ukiniombea kiti tena, siku utakayoshuka stendi ya Bariadi utanikuta nimesimama na toroli, shangazi zako wote nyuma yangu, na utapanda. Nitakusukuma mwenyewe hadi nyumbani. Ukiniuliza kama nimechoka, jibu unalijua.

Ni mimi mayu wako, ninayetembea.